Aliniambia Siri ya Lukaya, Sasa Wanawe Wanataka Nisimulie

*Shangazi, swahiba wangu amefariki. Alipigana Vita vya Kagera, ila mimi nilimjua kwenye drafti, kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli. Lazima akae mgongo ukutani, la sivyo hachezi. Wanawe wanataka nisimame kwenye arobaini niwasimulie ushujaa wa baba yao. Vita alikuwa haviongelei. Mara moja tu, umeme umekatika, aliniambia kwamba pale Lukaya, Uganda, makombora yalipoanza, alitimua mbio akamwacha mwenzake wa handaki moja, na hakumwona tena. Nikisema, nitamvunjia heshima. Nikinyamaza, nitakuwa nimewadanganya wanawe.*
*Mcheza Drafti*

Pole sana, kaka. Rambirambi zimekwenda kwa mjane na watoto, sidhani kama kuna aliyepita kwako.

Tuanze na hilo la kukimbia. Usiku wa tarehe 10 Machi 1979, Walibya waliokuja kumsaidia Amin waliielekezea Brigedi yetu ya 201 roketi pale Lukaya. Wengi wa askari wetu walikuwa wageni wa vita. Safu ikavunjika, wakarudi nyuma ovyoovyo, kila mtu na lwake. Kwa hiyo swahiba wako hakukimbia peke yake. Kesho yake 201 ikajipanga na kurudi, Brigedi ya 208 ikazunguka upande wa pili, Lukaya ikatwaliwa tena. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ikaanguka. Ikiwa alikuwa bado na kikosi chake asubuhi ile, basi alirudi palepale alipopakimbia. Naona hilo hakukugusia. Alikuhadithia usiku, asubuhi akaimeza.

Kwenye arobaini usisimulie vita usivyoviona. Utaanza kutia chumvi, mara unamfanya aangushe kifaru peke yake, na wazee wenzake waliopigana watakuwa wameketi palepale wakikutazama. Simulia drafti. Sema alivyokuwa akikaa, alivyoikawiza kete mkononi, kama alikuwa mgomvi akifungwa. Watu wacheke kidogo.

Wanawe ni suala jingine, nao usiwamalize kwa hotuba. Mwite mkubwa wao kando, siku nyingine. Mueleze kwa nini baba yake alikuwa akikaa mgongo ukutani, na kwamba alipoteza rafiki Lukaya, mtu wa handaki moja. Huenda kuna ukali au ukimya wa pale nyumbani ambao kijana huyo ameubeba miaka yote akidhani ni yeye aliyekosea.

La mbio liache. Ulipewa gizani, ni amana. Hujamdanganya mtu kwa kutosema kisicho chako, na mimi hapa siyumbi, hata wasomaji wengine wakinishambulia.

Sasa swali langu: jina la huyo mwenzake alikutajia? Kama ndiyo, liandike leo, kabla halijakutoka. Wengi waliokufa kwenye vita vile wamezikwa Makaburi ya Mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba, na kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa wake. Nauli ikipatikana, nenda na huyo kijana mkubwa mkamtafute.