Umelipia nini hasa? Maswali ya wacheza gemu

Nilinunua pedi ya PS4 iliyotumika hapa Mwanga. Siku ya nne mchezaji wa kwenye skrini akaanza kutembea kushoto mwenyewe. Muuzaji kanionyesha bango: mali ikishauzwa hairudishwi. Ndiyo basi? (Kigoma)

Bango halifuti sheria. Sheria ya Ushindani ya 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu hali ya bidhaa. Kwa hiyo kumbuka alikuuzia kwa maneno gani. Kama alisema "nzima kabisa", una pa kusimamia. Kama alisema "ina kaubovu, ndiyo maana nakupa kwa bei hiyo", kaubovu hako ulikanunua na macho yako.

Usirudi dukani mikono mitupu. Kwanza hakikisha tatizo si mipangilio: zima PS4, chukua kijiti chembamba, minya kitufe kilichojificha kwenye kitundu nyuma ya pedi, karibu na kitufe cha L2, kwa sekunde tano, kisha iunganishe upya kwa waya wa USB. Waya uwe wa data. Ule wa kuchajia tu utakupotezea siku nzima. Ikiendelea, weka pedi mezani bila kuigusa na urekodi skrini kwa simu, nusu dakika inatosha.

Ujue pia kinachoharibika, usije ukapigwa chenga. Chini ya analogi (kile kijiti unachosukuma kwa kidole gumba) kuna vipimo viwili vinavyosoma unasukuma upande gani, kila kimoja kina njia ya kaboni na kibati kinachoteleza juu yake. Vumbi likiingia, au kaboni ikilika, pedi inatuma taarifa kwamba kidole bado kinasukuma. Vumbi husafishika kwa spiriti. Kaboni iliyolika haisafishiki; unabadilishwa mtambo mzima wa analogi, wenye miguu 14 ya kulehemu. Ndiyo maana fundi "akisafisha" unacheza vizuri wiki moja, halafu ugonjwa unarudi. Muuzaji akisema ataisafisha, mkubalie mara moja tu. Ikirudia, dai nyingine au pesa.

Safari nyingine ijaribu kabla ya kulipa. Simu ya Android 10 na kuendelea inatosha: minya SHARE na kitufe cha PS kwa pamoja mpaka taa imulike haraka, iunganishe kwa Bluetooth, fungua gemu yoyote inayokubali pedi, halafu uiachie uone kama mchezaji anatembea mwenyewe.

Kibandani kwetu tunalipia mechi. Umeme ukikatika dakika ya 70, mwenye kibanda anasema tumeshacheza. (Isevya, Tabora)

Mlilipia mechi, na mechi haikuisha. Awarudishie mechi. Mngelipia muda, mngedai dakika zilizobaki tu: kipindi kikiwekwa dakika sita, dakika ya 70 ya kwenye skrini ni kama dakika tisa na kitu za saa, hivyo deni lake ni chini ya dakika tatu. Mwenye kibanda aandike ukutani anauza kipi, ugomvi utapungua. Aliyekuwa anaongoza 3–0 na anataka ushindi wake uhesabiwe, hilo mmalizane wenyewe.

Mwanangu kanunua almasi za gemu kwa simu yangu. Google wanarudisha? (Ujiji)

Omba ndani ya saa 48 tangu malipo, mama. Fungua Google Play, nenda kwenye historia ya ununuzi, chukua namba ya risiti inayoanza na GPA, ujaze ombi la kurudishiwa na ueleze kwamba mtoto alinunua bila ruhusa yako. Saa 48 zikipita, mara nyingi watakuelekeza kwa mtengenezaji wa gemu. Usisubiri mtoto azitumie hizo almasi. Halafu, leo hiihii, ingia kwenye mipangilio ya Play uweke nywila kwa kila ununuzi. Na nywila yenyewe isiwe ile anayoijua ya kufungulia simu.

Nililipia kadi ya mshambuliaji kwenye gemu ya mpira, wamefanya maboresho wakampunguza kasi. Vijana tumekubaliana kuwatukana watengenezaji kila siku mpaka wamrudishe. (Tabora)

Hapo mmechanganya kudai na kudeka. Anayesoma matusi yenu, nadra awe ndiye aliyepunguza hiyo kasi.

Tazama kesi mbili. Desemba 2020 ilitoka gemu ya Cyberpunk 2077, na kwenye PS4 ilikuwa inakwama na kujizima. Sony, wenye PS4, waliiondoa kwenye duka lao la mtandaoni, wakawarudishia watu pesa, na gemu ikarudi Juni 2021. Hilo lilikuwa deni: waliuziwa kitu kisichofanya kazi kama walivyoahidiwa. Mwaka 2012 wachezaji wa gemu ya Mass Effect 3 walichukia mwisho wa hadithi, na watengenezaji wake, BioWare, wakatoa nyongeza ya bure kuufafanua. Hiyo ilikuwa hisani. Gemu ilikuwa inafanya kazi. Watu hawakuipenda tu.

Kadi yako iko katikati. Tafuta picha ya tangazo la siku uliyonunua. Kama liliahidi kasi ya 95 na halikusema namba zinaweza kubadilika, unayo hoja. Kama masharti yanaruhusu mabadiliko (na karibu yote yanaruhusu), omba kwa adabu ukijua unaomba. Andika barua moja: tarehe, namba ya risiti, toleo la gemu, aina ya simu, kilichoahidiwa, kilichotokea, unachotaka.

Gemu niliyonunua wakizima seva yao (kompyuta zao zinazoiendesha mtandaoni), pesa yangu? (Kigoma)

Kwa kawaida hairudi. Ulinunua leseni ya kutumia. Gemu ya The Crew ya kampuni ya Ubisoft ilizimwa 31 Machi 2024, na hata mwenye CD hakuweza tena kucheza peke yake. Steam, duka la gemu za kompyuta, hurudisha ukiomba ndani ya siku 14, kama hujacheza kufikia saa mbili, basi. Kabla ya kununua, tafuta mwenye hiyo gemu, mwambie azime Wi-Fi mbele yako, aifunge kabisa na kuifungua upya. Isipofunguka, unajua unakodi.