"Disinterested": neno lililoniliza Posta

Juzi wakili mmoja mwenye ofisi Mtaa wa Samora amenirudishia tafsiri yangu ya mkataba wa kurasa 14. Hajagusa hata mstari. Kwenye kifungu cha usuluhishi palikuwa na neno "disinterested", nami nililiandika "asiye na maslahi katika mgogoro". Ujumbe wake niliusoma nimesimama ndani ya mwendokasi, nusura nipitilize kituo.

Neno hili lilishanitoa machozi. Miaka minane iliyopita nilikuwa katibu muhtasi kwenye ofisi moja pale Posta. Kamati ya zabuni ilikaa, mjumbe mmoja akatoka nje kwa sababu shemeji yake alikuwa miongoni mwa waombaji. Mwenyekiti akaandika kwa mkono kwamba wajumbe watatu waliobaki ni "disinterested". Mimi nikaona mzee kateleza. Nikaweka "uninterested", nikachapa nakala sita, nikagawa.

Kikao kilichofuata aliusoma muhtasari kwa sauti. Alipofika pale akavua miwani. "Dada, kwa hiyo wajumbe wangu hawakuwa na habari na zabuni?" Watu wakacheka. Nilikuwa namimina chai, ikamwagika kwenye sahani. Hadi leo namkumbuka aliyecheka kuliko wote.

Shida iko kwenye "interest". Waingereza wamelibebesha neno moja mizigo mitatu: hamu, maslahi, hata riba ya benki. Kiswahili kimeigawa vizuri kabisa. "Uninterested" hana hamu. "Disinterested" hana chake pale, kama refa au hakimu, na anaweza kuwa na hamu kubwa ya kusikiliza kesi hadi mwisho.

Najua kuna watakaoniambia kwamba Waingereza wenyewe huyachanganya, na kwamba mchanganyiko huo ulikuwepo tangu karne ya 17. Ni kweli. Ila kwenye mkataba, muhtasari wa kikao au hati ya kiapo, usithubutu.

Ndugu zangu mnaotaka kula kwa kalamu, fungueni kamusi! Neno unaloamini unalijua ndilo la kulifungulia kamusi kwanza. Usisahihishe maandishi ya mtu kwa kukisia. Uliza, hata kama ni bosi, hata kama umebakiwa na dakika tano. Nami kabla ya kuandika hujisemea kwa Kiswahili: "hana chake hapo" ni "disinterested", "hana habari nalo" ni "uninterested".