Nikimdai Pesa Alizokula, Nimekataa Kumsamehe?

SWALI: Bwana asifiwe mwalimu. Mimi ni mama wa hapa Kisumu, nauza omena soko la Kibuye. Kanisani akina mama tulikuwa na chama, kila wiki mtu anatoa mia tano, na mweka hazina alikuwa dada mmoja tuliyemwamini sana. Desemba tukitaka kugawana tukapata pesa hakuna, amekula. Yangu peke yake ilikuwa 22,000. Alikuja mbele ya kanisa akalia akatubu, pasta akamwombea, sote tukasema amesamehewa. Tangu hapo hajalipa hata shilingi. Juzi nilimuuliza kwa simu, akaniambia ati bado namhukumu na Mungu ameshamsamehe, ati Biblia imesema usihukumu. Sasa wengine wanataka arudishiwe hazina ndio ajue tumemsamehe kweli, na wengine wameapa hawaendi matanga ya mamake huko Siaya wikendi hii. Mimi niko katikati. Nikiona jina lake kwa simu roho inachafuka mpaka kuomba nashindwa. Je nikimdai ndio nimekataa kusamehe? Na hiyo usihukumu maana yake nini hasa?

JIBU: Bwana asifiwe sana mama. Naanza na matanga kwa sababu hiyo haingoji. Enda Siaya. Aliyelala pale hakula pesa ya mtu, na kupikia wafiwa chai si kusema wizi ni kitu kizuri. Najua kwa hiyo grupu yenu ya WhatsApp kuna mtu ameshatuma 1 Wakorintho 5:11, ile inasema msile na mtu anayeitwa ndugu halafu ni mnyang'anyi, na ni kweli imeandikwa, siwezi kuiruka. Lakini soma hiyo sura yote. Huko Korintho mtu alikuwa anaishi na mke wa babake waziwazi, haachi, na kanisa limejivuna tu hakuna hata anayesikitika. Paulo akawaambia wakikutana kama kanisa wachukue hatua. Alisema wakikutana, hakusema watu wanne waamue usiku kwa simu. Huyu wenu amesimama akakiri, na nyinyi wenyewe mkasema amesamehewa, sasa mnamtenga siku anazika mamake kwa sheria gani? Kama nidhamu inatakiwa wazee wakae waifanye mchana watu wakiona, na njia yake iko Mathayo 18:15 mpaka 17, kwanza wewe na yeye mkiwa wawili, akikataa kukusikia chukua mmoja au wawili, akikataa tena ndio kanisa liambiwe. Kwenu naona mlianza na kanisa, mkarudi kwa simu, sasa mnataka kumalizia kwa matanga.

Tena nimesikia mahali pengi watu wakisema mtu fulani amefiwa kwa sababu ya dhambi yake, na sitashangaa kama hata hapo kwenu kuna mtu ameshasema huyo mama amekufa kwa sababu ya pesa za watu. Hiyo sasa ndiyo hukumu Yesu alikataa. Luka 13, mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18, Yesu akauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, sivyo, na akageukia wale wale waliomsikiliza akawaambia nyinyi msipotubu mtaangamia vile vile. Yohana 9 ni hivyo hivyo, wanafunzi wanaona kipofu wa kuzaliwa, swali la kwanza ni nani alitenda dhambi, huyu ama wazazi wake, na Yesu akajibu si huyu wala wazazi wake.

Sasa huu mstari wa usihukumu. Mathayo 7:1 siku hizi unajulikana hata na mtu hajawahi kufungua Biblia, na kawaida anaukumbuka siku amepatikana. Lakini Yesu hakuishia mstari wa kwanza. Enda wa tano, "itoe kwanza ile boriti katika jicho lako mwenyewe; ndipo utakapoona vema kukitoa kile kibanzi katika jicho la ndugu yako." Umeona? Kibanzi bado kinatolewa, hakuna mahali amesema kiachwe humo. Anachotaka ni mwenye kukitoa awe ameanza na lake, na awe anatoa, si anatangaza. Sura hiyo hiyo mstari wa 15 anaonya juu ya manabii wa uongo na kusema mtawatambua kwa matunda yao, na huwezi kutambua matunda kama umekatazwa hata kuyaangalia. Yohana 7:24 ndio kabisa, "Msihukumu hukumu ya macho tu, bali ifanyeni hukumu iliyo ya haki."

Kwa hivyo kusema "ulichukua pesa yangu 22,000 na hujarudisha" si kumhukumu, hiyo ni hesabu. Walawi 19:17 hata inakataza mtu kunyamaza akibeba chuki moyoni, inasema mkemee jirani yako usije ukachukua dhambi kwa ajili yake. Kumhukumu ni pale unatoka kwa kile alifanya na kuingia kwa kile yeye ni, kwamba huyu ni mwizi wa kuzaliwa, machozi yake yalikuwa ya kuigiza, huyu mbinguni haendi. Hiyo hujui. Wewe hukuumba huo moyo na hakuna aliyekupa ufunguo wake. Warumi 14:4 Paulo anauliza wewe ni nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine. Pesa yako unaijua, moyo wake huujui, ongea juu ya kile unajua.

Tuje kwa deni sasa, na hapa nataka dada mwenyewe asome hii kama itamfikia. Hii mafundisho ya kwamba Mungu akisamehe basi deni la binadamu limekufa, imetoka wapi? Si kwa Biblia. Kwa sheria ya Musa, Hesabu 5:6-7, mtu akimkosea mwenzake anaungama halafu anarudisha yote kamili na kuongeza sehemu ya tano juu, na anampa yule aliyemkosea. Kwa hesabu hiyo 22,000 yako inakuwa 26,400. Zakayo mtoza ushuru naye alijipangia kurudisha mara nne. Na uangalie vizuri Luka 19, Yesu alitangaza wokovu umefika nyumba hiyo kabla Zakayo hajatoa hata senti, kwa hivyo asidhani mtu kwamba kulipa ndio kunanunua msamaha wa Mungu, la. Lakini wokovu ulipoingia kwa ile nyumba, kitu cha kwanza uligusa ni mfuko. Ndugu zetu Wakatoliki wanajua hii vizuri, kwa kitubio padre anaweza kukwambia kabisa nenda urudishe ulichoiba.

Na hata kwa msamaha wenyewe kuna mtu anabeba hasara, haipotei hewani. Paulo akimrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni hakuandika "samehe usahau," aliandika kama alikudhulumu ama unamdai kitu, kiandike juu yangu, mimi nitalipa, na akaiandika kwa mkono wake mwenyewe. Mimi huwa najiuliza hao akina mama wanaokwambia wachana na deni ni wangapi wako tayari kuandika hivyo, kwa sababu kama pasta ama ushirika unaona huyu dada kweli hana kitu, basi wachange wamlipie hilo deni, waanze na wajane, hiyo itakuwa Injili ya kuonekana. Kumwambia muuza omena asahau 22,000 wakati wewe hujapoteza kitu ni rahisi sana.

Kwa hivyo kumdai ni haki. Swali ni unamdai vipi. Mathayo 18 ina ule mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 halafu akamkaba mwenzake kwa dinari 100, na watu huwa wanasema hizo dinari 100 zilikuwa pesa kidogo tu, mimi naona wanakosea. Dinari ilikuwa mshahara wa kibarua wa siku moja, Mathayo 20 inaonyesha. Mtu wa mjengo hapa mjini tuseme analipwa mia tano kwa siku, basi dinari 100 ni 50,000, zaidi ya mara mbili ya deni lako. Yesu alijua deni kama lako linauma. Ila upande ule mwingine talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, kwa hivyo 10,000 ni siku milioni 60 za kibarua, zaidi ya miaka 160,000 bila kupumzika hata Jumapili. Na yule mtumwa alimwambia mfalme nivumilie nitakulipa yote! Mtu haoni hata ukubwa wa deni lake. Hapo ndipo kosa lake lilianzia naona mimi, alitoka pale akidhani amepewa muda, kumbe alipewa uhuru, na mtu anayedhani bado anatafuta pesa ya kulipa ndiye anakaba wengine shingo.

Wewe hujamkaba mtu. Umeuliza kwa simu. Lakini hiyo roho inachafuka, hiyo ndio kazi yako na Mungu, maana mwisho wa ule mfano Yesu anasema msamehe kwa mioyo yenu. Usiogope kwamba uchungu ukirudi basi hukusamehe. Petro alipewa saba mara sabini, na mimi naamini mara nyingine hizo zote zinaisha kwa kosa moja, leo unasamehe, kesho unapita kwa duka la unga unakumbuka pesa yako, unasamehe tena pale pale barabarani. Mwombee kwa jina. Kama unashindwa kuomba, mwambie Mungu hivyo hivyo kwamba nimeshindwa, Zaburi zimejaa watu walioanza hivyo. Na kama siku moja utaamua mwenyewe mbele za Mungu kuiacha hiyo pesa iende, ni sawa, 1 Wakorintho 6:7 inauliza si afadhali kudhulumiwa kuliko ndugu kushitakiana mbele ya wasioamini. Lakini hiyo ni zawadi mwenye haki anatoa, aliyekula hawezi kukuamrisha uitoe. Pia sura hiyo hiyo inauliza kama hakuna mtu wa hekima kati yao wa kuamua neno la ndugu, ina maana kanisa linatakiwa likae liamue, si kunyamaza.

Hapa kwetu Nyanza hii vita si mpya. Uamsho ulioanzia Gahini huko Rwanda ukaingia Kenya miaka ya 1930 mwishoni, na moja ya mambo mazuri sana ulileta ilikuwa hii ya kurudisha. Mtu anaokoka, anafunga safari kurudisha jembe ama ng'ombe aliyeiba miaka iliyopita. Wazee wengi wa kanisa bado wanaweza kukuhadithia. Lakini huo huo moto, kwa wengine ukageuka kipimo, kwamba kama hujasimama mbele ya ushirika ukataja dhambi zako moja moja basi wewe si Mkristo, hata kama ni kasisi wako. Mambo yakachemka kwa Waanglikana wa hapa mpaka 1957 kasisi Mathew Ajuoga na wenzake wakatoka na kuanzisha Church of Christ in Africa, na watu wakawaita Johera, yaani watu wa upendo, kwa sababu shida yao kubwa ilikuwa hiyo, kwamba ndugu wanahukumu na upendo hakuna. Sisemi nani alikuwa na haki yote. Nasema watu wale wale walioamsha kanisa kwa kurudisha vya wenyewe, baadhi yao walifika mahali wanapima nani ameokoka na nani hajaokoka, na kanisa likapasuka. Nyinyi kwa chama kidogo tu mmegawanyika vile vile, upande mmoja hautaki kurudisha kutajwe, upande mwingine umeshatoa hukumu ya mwisho.

Na kuhusu hazina, hapana. Msimrudishie sasa. Kusamehe mtu na kumpa funguo za sanduku ni vitu viwili, na kumpa haraka si upendo, ni kumweka pale pale alipoanguka. Paulo mwenyewe, mtume, akibeba mchango wa kusaidia ndugu wa Yerusalemu alihakikisha kuna ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa anasafiri na hizo pesa, anasema kwa 2 Wakorintho 8 wasije wakalaumiwa, watangulie kufikiri mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Kama Paulo alitaka mtu wa pili, chama chenu ni nani?

Fanyeni hivi. Baada ya matanga, mpeni hata wiki mbili apumue, halafu wewe na mzee mmoja wa kanisa mkae naye. Andikeni anadaiwa na nani pesa ngapi, aseme mwenyewe anaweza kutoa ngapi kwa mwezi, hata kama ni mia tatu, na aandike kwa mkono wake. Pesa za chama sasa ziingie akaunti yenye saini tatu na taarifa isomwe kila mwezi mbele ya wote, hiyo ilitakiwa tangu mwanzo, na hapo na nyinyi wengine mna lawama, mliachia mtu mmoja pesa za watu wote mwaka mzima bila kuuliza. Huyo dada kwaya aimbe, kupika apike, kuomba aombe. Akilipa mpaka mwisho bila kusukumwa basi siku hiyo mnaweza kuongea habari ya uongozi, lakini si mwaka huu.