Shingo za Bata na Jina la Jike Dume

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, kama tabia za kiume na za kike mtu huzaliwa nazo au hufunzwa, limenigusa mahali nilipodhani pamekwisha kupoa. Jibu langu la haraka ni kwamba hufunzwa, lakini kinachonishughulisha zaidi ni nani huwagawia majina wale wasiofuzu mafunzo hayo.

Nilisoma uhandisi wa ujenzi mjini Wuhan, China. Wachina husema "ta" kwa mwanamume na kwa mwanamke, sawa na "yeye" yetu, na tofauti huonekana katika maandishi pekee, tangu herufi ya kike ilipoenea miaka ya 1920. Nikajidanganya kwamba wenye lugha ya namna hiyo hawatakuwa na neno "jike dume". Wanalo: "nü hanzi".

Katika vyuo vingi vya huko, tarehe 7 Machi, siku moja kabla ya Siku ya Wanawake, huwa ni siku ya wasichana, na wavulana hutundika mabango mekundu ya kitambaa kuwasifu. Darasa letu lilikuwa na wasichana watano. Usiku wa kuamkia siku hiyo bango letu lilinasa tawini, wavulana wakabaki kutazamana, na aliyepanda mti kulinasua akawa msichana yule yule waliyemwita nü hanzi. Akalifunga vizuri, akalisoma, kisha akauliza kutoka huko juu: "Katika haya maua matano, na mimi nimo?" Mmoja akamjibu, "Wewe ni kaka yetu." Kesho yake wenzake wanne walipewa chokoleti zilizofungwa kwa karatasi za rangi ya waridi, yeye alipewa shingo za bata zenye pilipili, asusa ya Wuhan ambayo wavulana wetu waliigombania kila walipokunywa bia. Alinimegea kipande. Nilimtazama usoni nikitafuta uchungu, nisiuone, wala furaha sikuiona. Aliuliza tu kama pilipili haijanizidi.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema jina hilo lifutwe. Sasa nasita, kwa sababu mwenyewe alilitumia, mara nyingi kwa majivuno. Mvulana laini hana nafasi hiyo: jina lake, "niang pao", ni tusi tupu, na mwaka 2021 mamlaka ya utangazaji ya China ililiandika neno hilo hilo katika agizo lake la kukomesha urembo wa aina hiyo kwenye televisheni. Msichana akiazima uanaume hupandishwa cheo nusu. Mvulana akiazima uanamke hushushwa chote. Majina yote mawili, basi, yanakubaliana kuhusu ngazi ya chini ni ya nani.

Mkinibana nichague, nitasema moyo wa kupanda mti alizaliwa nao, ila kuuita wa kiume ndiko tulikofundishwa. Nasema haya, hata hivyo, kwa kumbukumbu ya darasa moja tu la uhandisi, na mimi pia niliila ile shingo ya bata bila kuuliza kwa nini haikuwa chokoleti.