Kutu kwenye chasisi ya pikapu ya zamani

Ndugu, umeuliza kama kutu uliyoiona kwenye chasisi (fremu ya chuma inayobeba gari) ya pikapu yako inaweza kufunikwa kwa rangi nyeusi ili gari liendelee na kazi. Nakusihi usipake chochote kabla hujajua chuma kilichobaki kina uimara gani, kwa sababu rangi iliyopakwa juu ya kutu inayobanduka huficha uozo tu, huku unyevu ukiendelea kukila chuma chini yake.

Liinue gari na ulikalishe kwenye stendi imara, si kwenye jeki peke yake, kisha uigonge chasisi kwa nyundo ndogo, hasa mahali springi zinaposhikwa, kwenye maungio, na juu ya tangi la mafuta ambako matope hujikusanya bila kuonekana. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti nzito iliyofifia, na ukikichoma kwa bisibisi huingia. Mabomba ya breki yaliyofungwa kwenye chasisi yakaguliwe siku hiyohiyo.

Kutu ya juujuu ikwangue kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, upake praima (rangi ya kwanza) ya kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe, halafu unyunyizie nta ndani ya chasisi, kwani huko ndiko kutu hujificha. Palipotoboka, fundi mzoefu wa kuchomelea akate hadi kwenye chuma kizima. Kiraka kilichobandikwa juu ya uozo hakitabeba mzigo. Ikiwa panaposhika springi pameoza pande zote mbili, mimi nisingeliendesha gari hilo kabla ya kubadilisha chasisi.