Injini ya mtumba kwa gari kuukuu: tafuta pacha, usitafute bosi

Corolla yangu ya 110 ilipoanza kula oili kupita kiasi, fundi alinipa njia tatu: ovahoo (kuifungua injini na kuitengeneza upya), injini nyingine ya 5A kama ile ile, au injini ya 1NZ yenye VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa kufunguka kwa valvu, "gari liwe la kisasa". Hiyo ya tatu ndiyo inayowavuta wengi, na ndiyo niliyoikataa kwanza.

Ovahoo si mbaya. Ila unategemea mchonga silinda awe makini, na ringi za pistoni utakazouziwa zisiwe feki. Mimi wa kwanza simfahamu, na za pili siwezi kuzitofautisha kwa macho. Nikaamua kununua injini.

Soma namba iliyopigwa kwenye bloku, kisha tafuta yenye herufi hizo hizo. 1NZ haina distribyuta, ile inayogawa umeme kwa plagi; kila plagi ina koili yake. Ukiileta kwenye 110 unaleta pia kontroli boksi yake (kompyuta ya injini), nyaya zake, giaboksi yake na mauntingi za kuchomelea. Yote yanafanyika, mafundi wetu hawashindwi na kitu, lakini kila kimoja kina bili yake. Tena likizimika Chalinze saa mbili usiku, anayejua waya upi uliungwa na upi ni yule aliyeziunga, naye yuko Dar amelala.

Kama roho inataka nguvu zaidi kidogo, 4A ni ndugu wa karibu. Mwendo wa pistoni ni ule ule, milimita 77. Tofauti ni kipenyo cha silinda, 81 badala ya 78.7, ndiyo maana 5A ina cc 1498 na 4A 1587. 7A ya cc 1762 ni ya ukoo huo pia, ila bloku lake limepanda juu zaidi, hata mkanda wa taimingi si uleule. Na wenye D-4, injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, msidanganywe kwamba 3S-FSE unaitoa na kuweka 3S-FE kirahisi. Kontroli boksi hazielewani.

Dukani, kilomita utakazotajiwa zisikuhusu. Injini iliyolala sakafuni haina dashibodi. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona masizi yameganda kama lami, ondoka. Ukiona weupe kama maziwa, maji yameingia kwenye oili, ondoka haraka zaidi. Omba fundi apime kompresheni (nguvu ya mgandamizo) silinda zote nne. Kwa injini za ukoo huu isiwe chini ya psi 142, na pengo kati ya silinda moja na nyingine lisizidi 14. Mimi silinda nne zinazofanana ndizo hunipa imani kuliko moja iliyopanda sana. Muuzaji akikataa isipimwe, duka la jirani lipo.

Kabla haijapanda, badilisha mkanda wa taimingi, pampu ya maji na oili sili ya nyuma ya krenki. Hiyo sili ni kitu cha bei ndogo, lakini ikivuja baadaye giaboksi lazima lishuke tena. Kisha rejeta: kama injini ya zamani ilikuwa inachemsha, rejeta iliyoziba itaichemsha na hii mpya. Na fundi akisema thamostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, "hatuhitaji, huku kwetu joto", mwambie airudishe. Injini isiyofikia joto lake hunywa mafuta na kujaza masizi.

Waranti iandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya injini, siyo "usijali bosi, ukiona tatizo njoo". Risiti hiyo utaihitaji pia TRA (Mamlaka ya Mapato), kwa sababu kadi ya gari imeandikwa namba ya injini ya zamani. Omba na nakala ya nyaraka za forodha siku hiyo hiyo ya kulipa, wakati muuzaji bado anakuchekea.