Hoja isiishie kwenye "mengineyo": kwa wasichana wanaoanza uongozi katika shehia za Pemba

Msichana anayeingia kwenye uhamasishaji Pemba mara nyingi huanzia kwenye semina ya siku mbili au tatu, Chake Chake au Wete. Anarudi kwao na daftari, kalamu, fulana na maneno mengi juu ya usawa wa kijinsia. Wiki ya pili sheha, mkuu wa shehia (ngazi ya chini kabisa ya utawala Zanzibar), anaitisha mkutano. Yumo, amekaa mkekani na kina mama, ana jambo kifuani, na mkutano unafungwa hajalisema. Au kalisema, watu wakaitikia kwa vichwa, na hapana aliyeliandika. Tunayoyaeleza hapa ni ya wiki hiyo ya pili.

Shika jambo moja tu kwanza. Ukisimama ukataja maji, vyoo vya skuli, talaka, ajira na ndoa za mapema kwa pumzi moja, sheha atakujibu kwamba yote ni ya kweli na yote yatafanyiwa kazi, na hapo limekwisha. Jambo zuri la kuanzia lina sifa tatu: linawaumiza wanawake na wasichana zaidi ya wengine, linahesabika, na ipo ofisi moja yenye dhamana nalo. Tuchukue maji. Kama shehia yenu maji hufunguliwa usiku, anayeamka kuchota unamjua. Watendaji wanajua kwamba "maji ni tatizo". Wasichonacho ni hesabu.

Basi andika. Chagua nyumba kumi, nyengine karibu na tangi na nyengine za mbali, uwaombe wenyewe ruhusa. Daftari lipige mistari: tarehe, saa maji yalipofunguka, saa yalipofungwa, ndoo ngapi zimejazwa, kachota nani (mwanamke, mwanamme, mtoto wa kike, mtoto wa kiume), na kama ni mwanafunzi, asubuhi yake alikwenda skuli au hakwenda. Fanya hivyo siku 14 mfululizo, kwa sababu mgao hubadilika na wiki moja inaweza kuwa ya bahati tu, nzuri au mbaya. Kosa linaloharibu kazi hii ni kujaza daftari Ijumaa jioni kwa kukumbuka. Utaliona mwenyewe: saa zote zinakuwa kamili, ndoo zote zinakuwa kumi. Ofisa aliyezoea takwimu analigundua kwa ukurasa mmoja, na ukishaonekana umebuni mstari mmoja, mingine yote inakosa thamani.

Kisha geuza ndoo ziwe muda. Nyumba ya watu saba ikitumia ndoo 8 za lita 20, hizo ni lita 160 kwa siku. Mtoto akibeba ndoo moja kila safari, na kila safari pamoja na foleni ikila robo saa, ametumia saa 2. Kwa wiki ni saa 14. Hapo sasa unazungumza usawa wa kijinsia bila ya kulitaja neno lenyewe, na hata mzee ambaye neno hilo linamkera atakusikiliza, kwa sababu mjukuu wake yumo kwenye hesabu.

Kabla ya mkutano, mwendee katibu na umuombe jambo lako liingie kwenye ajenda kwa jina lake. Usikubali likatupwa kwenye "mengineyo". Mengineyo huja mwisho, watu wameshaanza kutafuta viatu na adhana inakaribia, na mara nyingi katibu ameshafunga daftari. Mwendee siku tatu au nne kabla, si asubuhi ya mkutano. Mpitie na sheha pia nyumbani au ofisini kwake umueleze utakalosema. Wengine huona huko ni kujipendekeza. Sivyo. Sheha akishtukizwa mbele ya watu wake atajitetea. Akijua mapema, anaweza hata kukufungulia njia mwenyewe.

Kusema kwenyewe kuchukue dakika tatu. Mfano:

"Assalaamu alaykum. Sheha, wazee wetu, mama zetu, nimeomba dakika tatu juu ya maji. Kwa siku 14 tumeandika nyumba kumi za upande wa bondeni. Maji yamefunguka siku 6, zote baada ya saa 6 usiku. Katika nyumba 7, anayeamka kuchota ni mtoto wa kike wa skuli. Tunaomba mawili: shehia iandike barua kwa Mamlaka ya Maji mgao uanze kabla ya saa 2 usiku, na wachaguliwe watu wawili, mmoja awe mwanamke, wafuatilie jibu."

Angalia kilichokosekana humo: hakuna "mimi ni mtoto mdogo tu", hakuna "samahani kama nitakosea". Heshima imo kwenye salamu na kwenye namna ya kuwaita watu, na inatosha. Ukijidogosha mwanzoni, unawapa wanaotaka kukupuuza sababu uliyoitunga mwenyewe. Simama unaposema. Mkekani nyuma sauti hailifikii baraza, na kama kuna kipaza sauti, kiombe. Ukishamaliza, muulize katibu kwa adabu akusomee alivyoandika. Hilo la mwisho wengi huliona aibu, na ndilo linaloamua kama jambo lako litakuwepo mwezi ujao.

Ujue pia unampelekea nani, maana hapa ndipo miezi inapopotea. Sheha hachaguliwi kwa kura. Anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, na juu ya sheha yuko Mkuu wa Wilaya. Hiyo ni njia ya utawala. Njia ya pili ni ya waliochaguliwa: diwani wa wadi, anayeingia kwenye baraza la mji au halmashauri, na Mwakilishi wa jimbo, anayeingia Baraza la Wawakilishi. Mbunge anakwenda Dodoma. Maji, skuli za msingi na vituo vya afya si mambo ya Muungano, kwa hiyo hoja yake ni ya Mwakilishi, ingawa kila mwaka yako maombi ya visima yanayopelekwa kwa Mbunge kwa sababu tu alikuja harusini. Mbunge anaweza kusaidia kwa mfuko wa jimbo, lakini si yeye wa kuihoji wizara ya Zanzibar.

Barua iwe ukurasa mmoja, ipitie kwa sheha, na itaje ombi kwenye kichwa chake. Chapa nakala mbili. Moja unaiacha, ya pili unaigongesha muhuri wa kupokelewa na tarehe, unarudi nayo. Bila ya nakala yenye muhuri, baada ya wiki tatu utaambiwa barua haijaonekana na hutokuwa na la kusema. Na uipeleke kwa wakati. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na Baraza la Wawakilishi hujadili bajeti Mei na Juni. Ombi linalotaka fedha likifika Mei limekuta makadirio yameshapangwa. Oktoba hadi Disemba ndio msimu wa kugonga milango.

Msimu mwengine wa kuuheshimu ni wa kina mama wenyewe. Kwenye vijiji vya mwani, kama vya Micheweni, usiitishe mkutano asubuhi wakati wa bamvua. Siku hizo, zinazoangukia mwanzoni na katikati ya mwezi wa Kiislamu, maji hutoka sana kiasi cha saa 4 asubuhi na wanawake wote wako pwani kufunga na kuvuna. Atakayekuja ukumbini ni asiye na shamba la mwani, na uamuzi utakaotoka hautakuwa wa wakulima. Weka siku za maji mafu, maji yasipotoka sana. Shamba la karafuu nalo likianza kuchumwa, mchana watu wako mikarafuuni na usiku wanachambua. Saa inayofaa kwa wengi ni baada ya sala ya Alasiri, saa 10, na umalize saa 11 na nusu ili kila msichana awe nyumbani kabla ya Magharibi. Msichana mmoja akichelewa, wazazi wa watano watakataa mara ya pili.

Kwa hiyo nenda kwa wazazi. Piga hodi, kaa, zungumza na mama na baba wote wawili, useme mkutano uko wapi, unaanza na kwisha saa ngapi, nani atamrudisha. Ukiwa na mwanamke mtu mzima anayeheshimika kijijini, bibi au mwalimu mstaafu, nenda naye. Kama pingamizi ni la dini, usijifanye sheikh. Muombe maalim wa chuo cha Kurani au imamu aje azungumze mwenyewe. Wako wanaoeleza vizuri biashara ya Bibi Khadija na elimu ya Bibi Aisha, na neno lao litafika pasipofika lako.

Cheo gani ukitafute? Kamati zipo nyingi: ya skuli, ya maji, ya uvuvi, ya msitu. Wanawake hupewa ujumbe au uweka hazina, na siku ya mgeni hupewa jiko. Sisi tunashauri ukatibu. Katibu ndiye anayepanga ajenda, anayeandika kilichoamuliwa, anayejua barua iko wapi. Uweka hazina una heshima yake, lakini ukiushika hakikisha sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tofauti, kama vikoba vinavyofanya, na kila hesabu inasomwa mbele ya wanachama. Fedha ikikosekana shilingi elfu mbili, msichana ndiye atakayetajwa kwanza.

Liko jambo moja ambalo taratibu zote za hapo juu hazifanyi kazi kwake, nalo ni udhalilishaji wa kijinsia, kama kubakwa. Msichana akikujia akakwambia kafanyiwa, hilo halipelekwi mkutanoni, haliandikwi kwenye daftari la kamati, halitumwi kwenye kundi la WhatsApp hata bila ya jina, kwa sababu shehia ni ndogo na watu watamjua. Usimhoji mara mbili mbili. Asikoge na asifue. Nguo alizovaa zitiwe kwenye karatasi au mfuko wa kitambaa, si plastiki, maana plastiki inaweka unyevu na ushahidi unaoza. Mpeleke Kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, kinachowahudumia waliodhalilishwa, siku hiyo hiyo. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU inafaa ikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inaipunguza nguvu; ya kuzuia mimba mwisho wake ni saa 120. Polisi wana Dawati la Jinsia, na simu ya huduma kwa mtoto ni 116, bila malipo. Kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Wakija wazee kukutaka msaidie "kulimaliza kifamilia", waambie kwa upole kwamba si lako kulimaliza, na usikae kwenye kikao hicho. Kukaa kwako tu kutahesabiwa kuwa umeridhia.

Ukiona moyo unakwenda kwenye siasa, anza na karatasi. Bila ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi huandikishwi kupiga kura kwenye uchaguzi wa Zanzibar, na wasichana wengi wanafika miaka 18 hawajakifuatilia, au cheti cha kuzaliwa kina jina tofauti na la skuli. Kulisahihisha jina huchukua muda, usingoje mwaka wa uchaguzi. Mgombea binafsi haruhusiwi nchini, hivyo lazima upitie chama, na mchujo wa kwanza ni wa ndani ya chama, ambako wanaokujua kwa kazi ni wale mliokaa nao kwenye vikao vya tawi. Baraza la Wawakilishi lina majimbo 50 na viti 20 vya wanawake, yaani asilimia 40 ya idadi ya majimbo. Viti hivyo ni mlango, na ni mlango halali. Samia Suluhu Hassan wa Makunduchi aliingia Baraza kwa njia hiyo mwaka 2000, akagombea jimbo 2010, akawa Makamu wa Rais 2015 na Rais Machi 2021. Aliyeko kwenye kiti maalumu aanze mapema kulizoea jimbo analolitaka, wadi kwa wadi, kabla wengine hawajaligawana.

Matusi yatakuja, na kwa mwanamke huja kwenye mavazi na ndoa kabla ya hoja. Yakija mtandaoni, usijibu wala usifute. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba au jina la akaunti, tarehe na saa, usiikate, na uihifadhi kwenye simu mbili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika na Zanzibar pia. TAMWA Zanzibar (chama cha waandishi wa habari wanawake), ZAFELA (jumuiya ya wanasheria wanawake) na, kwa Pemba, PEGAO (jumuiya ya mazingira, jinsia na utetezi) ni watu wa kuwauliza hatua inayofuata kabla hujakwenda kituoni.

Na siku ukiolewa shehia nyengine, ukaenda chuo Unguja au muda wako ukisha, kabidhi kwa maandishi: daftari, nakala zenye muhuri, orodha ya barua ambazo hazijajibiwa na jina la ofisa aliyezipokea. Fanyeni mbele ya sheha, wewe na anayekufuata mtie saini, na umpeleke mwenyewe mara moja kwenye kila ofisi uliyokuwa ukiiendea, ajulikane sura.